Kalenda na orodha ya kazi

Kalenda ya kidijitali na orodha ya kazi ni aina mbili za programu za simu na kompyuta zinazotumika kupanga shughuli za mtu binafsi. Kalenda huonyesha mambo yanayotokea siku na saa maalumu. Orodha ya kazi huonyesha mambo yanayopaswa kukamilishwa, hata kama saa ya kuyafanya haijapangwa.

Tofauti ya msingi

Tofauti hiyo inaonekana katika iCalendar, kanuni ya kubadilishana taarifa za kalenda kati ya programu mbalimbali, iliyotolewa mwaka 1998 na kurekebishwa mwaka 2009. Kanuni hiyo hutenganisha tukio na kazi. Tukio lina mwanzo na mwisho, nalo hupita muda wake ukiisha, iwe mtu amehudhuria au hakuhudhuria. Kazi inaweza kuwa na tarehe ya mwisho, lakini hubaki wazi mpaka iwekewe alama kwamba imekamilika.

Kwa mfano, mtihani wa Jumatatu ni tukio, na kurudisha kitabu cha maktaba ni kazi. Kazi ikiandikwa katika kalenda pekee na isifanyike, kesho yake inabaki kwenye ukurasa wa jana na husahauliwa kwa urahisi. Mtihani ukiandikwa katika orodha pekee, unakaa mstari mmoja na kununua sabuni, kana kwamba mambo hayo yana uzito sawa.

Faida na udhaifu

Orodha ni rahisi kuandika na haipotezi jambo lililoahirishwa. Udhaifu wake ni kwamba haionyeshi muda uliopo: mtu anaweza kuandika kazi 20 kwa siku inayotosha kazi 5.

Kalenda huonyesha mipaka ya siku. Hata hivyo, hudai makadirio ya muda, na watu wengi hukadiria muda mfupi mno. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kosa hilo mwaka 1979. Katika utafiti wa Roger Buehler na wenzake uliochapishwa mwaka 1994, wanafunzi wa chuo kikuu walikadiria kumaliza tasnifu zao kwa wastani wa siku 34 hivi. Wastani halisi ulikuwa zaidi ya siku 55. Kwa hiyo ratiba iliyojazwa bila nafasi huvurugika kazi moja tu ikichelewa.

Namna ya kuchagua

Mwandishi Mmarekani David Allen, katika kitabu chake Getting Things Done cha mwaka 2001, anashauri kalenda ibaki na mambo ya lazima kwa siku au saa ile tu, na mengine yote yawekwe katika orodha. Wengine hufuata njia ya kutenga muda: kila kazi kubwa hupewa saa zake katika kalenda.

Kwa jumla:

* Mwenye vipindi, zamu au miadi mingi hufaidika zaidi na kalenda.
* Mwenye kazi ndogondogo zisizo na saa maalumu hufaidika zaidi na orodha.
* Mwenye kazi kubwa yenye tarehe ya mwisho, kama tasnifu, huhitaji vyote viwili: orodha ya hatua, na muda wa kuzifanya.

Saa za Kiswahili

Programu nyingi za kalenda huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, ilhali Kiswahili huhesabu kuanzia mapambazuko na machweo. Miadi ya saa 3 asubuhi huandikwa 9:00. Anayeandika 3:00 huamshwa na kengele saa 9 usiku. Akichagua 3:00 ya mchana, ukumbusho humfikia saa 9 alasiri, miadi ikiwa imeshapita.

Programu zinazojulikana

Google Calendar ilitolewa kwa umma mwaka 2006 na Todoist mwaka 2007. Wunderlist, programu ya orodha iliyonunuliwa na Microsoft mwaka 2015, ilifungwa Mei 2020 na nafasi yake ikachukuliwa na Microsoft To Do. Kwa sababu huduma inaweza kufungwa, ni muhimu programu iruhusu kutoa nakala ya taarifa zilizomo. Daftari na kalamu hufanya kazi zote mbili pia, ila havitoi mlio wa kukumbusha.