Historia ya Kususia Bidhaa (4): Machungwa, Bia na Marafiki

Kifo cha Anita Bryant, aliyefariki Desemba 2024 akiwa na miaka 84, kimenirudisha kwenye sura ninayoipenda kuliko zote katika historia hii. Ya Kapteni Boycott na wakulima wa Ireland tumeshayamaliza. Leo twende Marekani.

Bryant alikuwa mwimbaji, na sura yake ndiyo iliyouza juisi ya machungwa ya Florida. Mwaka 1977 aliongoza kampeni ya kufuta sheria ya Kaunti ya Dade, Florida, iliyokataza kuwabagua mashoga katika ajira na nyumba za kupanga. Juni 7 wapiga kura wakaifuta, karibu saba kati ya kila kumi. Mashoga wakajibu kwa kususia machungwa. Katika baa zao, aliyezoea vodka na juisi ya machungwa alichanganyiwa juisi ya tufaha, na kinywaji hicho kikaitwa Anita Bryant. Mwaka 1980 mkataba wake wa matangazo ukakoma.

Lakini kwangu mimi, kisa cha bia ya Coors ndicho kikubwa. Miaka michache kabla ya kampeni ya Bryant, madereva wa malori ya bia mjini San Francisco walikuwa wamegoma. Kiongozi wao, Allan Baird wa chama cha Teamsters, ambaye hakuwa shoga, alimwendea Harvey Milk, mwenye duka la kamera Mtaa wa Castro, akamwomba baa za mashoga ziache kuuza bia za kampuni zilizokataa mkataba. Milk alikubali kwa sharti moja: mashoga nao wapewe kazi ya udereva. Kampuni nyingine zikalegea, Coors ikakaza shingo. Isitoshe, Coors ilikuwa ikiwahoji waombaji kazi kwa mashine ya kugundua uongo. Vyama vya wafanyakazi havikumaliza ugomvi wao nayo hadi 1987, na baa nyingi za mashoga ziliendelea kuisusia baada ya hapo.

Msomaji, tulia hapa. Dereva wa lori na shoga wa Castro hawakuwa watu wa kukaa meza moja. Kususa ndiko kulikowakalisha.

Siku hizi kususa kunawainua watu mezani. Mwaka 2012 Dan Cathy wa mikahawa ya Chick-fil-A alipopinga hadharani ndoa za jinsia moja, wengine walisusa, na Agosti 1 wengine wakapanga foleni kwa makusudi, kama kanga isemavyo: mkisusa wenzenu twala. Sandwichi ya kuku ikawa kipimo cha urafiki. Watu waliosoma pamoja wakafutana Facebook na kukatana usemi. Mwaka 2023 ikawa zamu ya bia ya Bud Light, safari hii wahafidhina ndio waliosusa.

Simlaumu shoga anayeumia akimwona rafiki yake na mfuko wa mkahawa uliochangia mashirika yanayompinga. Ana haki ya kuumia, na rafiki ana wajibu wa kumsikiliza. Ninachokikataa ni kuhamisha silaha kutoka kwa kampuni hadi kwa mwenzako. Shane Windmeyer wa Campus Pride, shirika linalotetea wanafunzi mashoga, alizungumza na Cathy kwa miezi, akasitisha kampeni ya kususa, na Januari 2013 akaandika kwamba wamekuwa marafiki. Hakuna aliyebadili imani yake. Hilo linawezekana, na tulifanye.

Wiki ijayo: mabasi ya Montgomery na siku 381 za kutembea kwa miguu.