Premio ya meneja, Probox ya mauzo

Ukipita kwenye maegesho ya ofisi yoyote kubwa ya Dar es Salaam saa mbili asubuhi, ngazi za uongozi zinasomeka bila kuingia ndani. Shangingi la mkurugenzi liko kivulini, karibu na mlango. Probox na pikapu za mauzo zimeshaondoka tangu alfajiri. Katikati ndipo penye ubishi: Premio, Allion, Fielder, RAV4, X-Trail, magari ya cc 1,500 hadi 2,000 wanayopewa mameneja wa kanda, wahandisi wa miradi, maofisa mikopo na wawakilishi wa kampuni za dawa. Ni kundi la magari linalonunuliwa kwa maneno mengi na hesabu chache.

Sababu haijifichi. Shangingi ni cheo, kila mtu anajua hivyo, na hakuna anayelipigia hesabu ya kilomita. Probox ni chombo cha kazi, sawa na mzani wa dukani: ikifa, inanunuliwa nyingine. Gari la kati limebeba yote mawili. Jumatatu linapeleka sampuli Morogoro, Jumamosi linapeleka familia harusini. Kampuni isiyoamua mapema kama inanunua chombo au inaongeza mshahara hujikuta inalipia vyote viwili, kisha inalaumu bei ya mafuta.

Tuanze na kodi, maana wanunuzi wengi huikumbuka mwisho. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004, gari la mwajiri ambalo mfanyakazi analitumia pia kwa mambo yake ni sehemu ya mapato yake, na thamani yake husomwa kwenye jedwali la ukubwa wa injini na umri wa gari. Injini ya zaidi ya cc 1,000 hadi 2,000, gari likiwa chini ya miaka mitano, huhesabiwa shilingi 500,000 kwa mwaka. Likizidi miaka mitano, 250,000. Ukivuka cc 2,000 na kuishia 3,000, viwango vinaruka hadi milioni moja kwa gari changa na laki tano kwa lililozidi miaka mitano. Meneja aliye kwenye kiwango cha juu cha asilimia 30 atalipa kwa ajili ya Premio changa shilingi 150,000 kwa mwaka mzima. Na mwajiri asipodai gharama za gari hilo kwenye hesabu zake za kodi, mfanyakazi hahesabiwi kitu.

Vuka mpaka wa Namanga, mambo yanabadilika. Kenya huchukua asilimia 2 ya bei ya kununulia gari kila mwezi, au kiwango alichoweka Kamishna, na kikubwa ndicho kinachotumika. Gari la KSh milioni 2.5 linaongeza 50,000 kwenye mapato ya mwezi, na kwa kiwango cha asilimia 30 kodi yake ni KSh 15,000. Ukizigeuza kuwa shilingi za Tanzania, kwa mwezi mmoja Mkenya analipa zaidi ya anacholipa Mtanzania kwa mwaka. Ukiwa meneja Dar una kila sababu ya kung'ang'ania gari. Ukiwa Nairobi, piga kwanza hesabu ya posho ya usafiri.

Kwamba kodi huchagua gari kuliko mnunuzi si jambo la Afrika Mashariki peke yake. Uingereza ilipoanza mwaka 2002 kutoza gari la kampuni kwa kiasi cha hewa ya kaboni linachotoa, kampuni zilikimbilia dizeli. Kisha kiwango cha gari la umeme kikashushwa hadi sifuri mwaka wa kodi 2020/21, na hata kilipopandishwa hadi asilimia 3 mwaka 2025/26, magari machafu zaidi yalikuwa yanatozwa asilimia 37. Meneja wa huko hahitaji kupenda umeme ndipo alichague gari la aina hiyo.

Kwa upande wa kampuni yenyewe, Tanzania na Kenya zinafanana zaidi. VAT iliyolipwa kununua gari la abiria hairudishwi, isipokuwa kama biashara yako ni kuuza au kukodisha magari. Kwa hiyo ile asilimia 18 ya Tanzania au 16 ya Kenya ni gharama, imekwenda. Halafu kuna uchakavu. Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, inaruhusu magari madogo kupunguzwa asilimia 37.5 kwa mwaka ya thamani iliyobaki, lakini kwa gari lisilo la biashara inatambua shilingi milioni 30 tu za bei yake. Kenya ukomo ni KSh milioni 3. Ukinunua gari la shilingi milioni 90, milioni 60 hazimo kwenye kitabu cha kodi. Ndiyo maana mhasibu akiulizwa maoni yake husema pikapu ya kabini moja, na ndiyo maana haulizwi.

Ukomo huo wa milioni 30 unalisukuma gari la kati la Tanzania kuelekea yadi za magari yaliyotumika kutoka Japani, na huko kuna mtego wa umri. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya cc 1,001 hadi 2,000 ni asilimia 5. Juu yake, gari lenye umri wa miaka minane hadi kumi linaongezewa asilimia 15, na lililozidi kumi asilimia 30, kisha VAT inakuja kukaa juu ya yote. Chukua magari mawili ambayo TRA imeyathamini sawa, milioni 15 kila moja yakifika bandarini. La miaka sita, bila kuhesabu tozo ndogondogo, linatoka kwa takriban milioni 23.2. La miaka kumi na miwili linatoka kwa milioni 29.9. Ni kweli gari kuukuu huthaminiwa chini, kwa hiyo pengo halisi hupungua. Hata hivyo, fedha nyingi ya mnunuzi wa gari kuukuu imeingia kwenye ushuru, na ushuru huwezi kuuuza utakapoliuza gari. Kenya walimaliza ubishi huo kwa kukataa kabisa gari lililozidi miaka minane.

Hapa niseme jambo kuhusu namba. Mjini watu hupima ujana wa gari kwa herufi ya kibao: namba D, namba E. Maofisa ununuzi nao wameuchukua mtindo huo. Kibao kinasema gari lilisajiliwa lini Tanzania. Hakisemi lilitengenezwa lini. Kuna namba E nyingi barabarani zilizotoka kiwandani mwaka 2007. Kinachosomwa ni mwaka wa kutengenezwa, karatasi ya mnada wa Japani yenye daraja la gari na kilomita zake, na usukani. Gari linalodai kilomita 60,000 huku ngozi ya usukani imeng'aa na pedali ya breki imelika upande mmoja linajieleza lenyewe.

Sasa barabara, ambako fedha huenda kidogokidogo. Mwaka 2017 serikali ya Tanzania ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na kuihamishia kwenye mafuta. Kwa mwenye gari la Jumapili ilikuwa nafuu. Kwa kampuni inayozunguka mikoani, gharama ilihama kutoka mwaka kwenda kwenye kilomita. Tuchukue afisa anayekwenda kilomita 30,000 kwa mwaka na mafuta ya shilingi 3,000 kwa lita, bei ambayo mdhibiti wa nishati, EWURA, huitangaza upya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Gari linalokwenda kilomita 14 kwa lita litatumia milioni 6.4. Linalokwenda kilomita 10 litatumia milioni 9. Kwa miaka minne tofauti ni zaidi ya milioni 10, na hiyo ndiyo bei ya kweli ya kuketi juu kidogo.

Lakini kuketi juu si anasa kila mahali. Premio na Allion, zilizorithi Corona na Carina mwaka 2001 na kuachwa kutengenezwa mwaka 2021, ni magari ya lami. Matuta ya barabara kuu yanazifahamu kwa tumbo. Kwa afisa mikopo anayezunguka Kinondoni na Ilala hakuna gari bora zaidi. Mpeleke huyo huyo kwenye vyama vya ushirika vya korosho, AMCOS, ndani ya Mtwara wakati wa mvua, na akiba yote ya mafuta itaishia kwenye bushi na shokapu. Kwa hiyo swali la kwanza la fomu ya maombi ya gari lingekuwa hili: kwa wiki, kilomita ngapi ni za vumbi? Kwenye fomu za kampuni nyingi swali la kwanza ni cheo cha mwombaji.

Spea ndizo zinazomaliza ubishi wa chapa. Injini ya 1NZ ya cc 1,496 imo kwenye IST, Probox, Fielder, na Premio na Allion za 1.5. Fundi wa Gerezani, Dar, anaijua akiwa amefumba macho, na fundi wa Tunduma au Kahama anaijua pia. Kwenye gari la kampuni hilo lina uzito kuliko nguvu ya injini, kwa kuwa gari lililolala Kahama siku tatu likisubiri kifaa kutoka Dar limelala pamoja na mfanyakazi, posho yake ya kujikimu na chumba chake cha gesti. Ukipanda hadi lita mbili za zamani unakutana na D4, ile inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Ina nguvu nzuri na ulaji wa wastani, ila inataka petroli safi, na si kila kituo cha mafuta njiani kinaweza kuapa. RAV4 na Premio nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000 zilipata sifa mbaya kwa sababu hiyo, wala kosa halikuwa la gari peke yake.

Gia boksi nayo ina kisa chake. Magari mengi ya kati ya miaka ya karibuni yana CVT, gia isiyo na hatua, inayotumia mafuta yake maalumu. Fundi wa kando ya barabara akichomoa boliti, akaona mafuta yamepungua, anaongeza ya gia otomatiki ya kawaida. Dumu liko karibu. Gari linaondoka vizuri. Baada ya muda linaanza kuvuta kwa kusitasita mlimani, na bili ya gia boksi inaweza kula bajeti ya matengenezo ya mwaka. Kampuni inayonunua CVT inanunua pia nidhamu ya kwenda gereji moja inayojulikana. Isiyoiweza nidhamu hiyo itafute gia za kawaida.

Kwa Dar, mfumo wa gesi asilia umeingia kwenye hesabu, na madereva wa teksi za mtandao ndio waliotangulia. Kwa kilomita za mjini akiba ni kubwa. Kasoro mbili zinaihusu kampuni kuliko dereva wa teksi: mtungi unachukua buti, mahali pale pale penye masanduku ya sampuli, na foleni ya kujaza inakula saa za kazi ambazo kampuni imeshazilipia. Kwa Fielder ya mauzo nisingeshauri. Kwa gari linalobeba mtu na kompyuta yake tu, ndiyo.

Na kuna njia ambazo hazihitaji tena gari la kati. Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, kampuni nyingi zilinunua magari yenye uwezo wa kwenda na kurudi kilomita 900 kwa wiki moja, kwa ajili ya vikao vya wizara. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria Dar hadi Dodoma mwaka 2024, safari ya saa zisizozidi nne. Kampuni iliyoweka Vitz moja Dodoma kwa ajili ya wageni wake na kuwanunulia tiketi imeondoa kwenye orodha gari zima la kati, pamoja na dereva wa safari za usiku. Orodha nyingi za magari hazijarekebishwa kufuata hilo.

Magari mapya pia yamerudi mezani, kwa mlango wa India. Toyota Starlet na Rumion zinazouzwa Afrika hutengenezwa huko na Suzuki, na zina bei ambayo gari jipya la Japani haliwezi kuifikia. Hazina heshima ya Premio machoni mwa watu, buti na viti vyake vinabana. Zina waranti, hata hivyo, na umri wake hauna mjadala. Kwa kampuni yenye magari kumi au zaidi ningezifikiria kabla ya yadi; kwa kampuni yenye mawili, yadi bado inashinda.

Vilivyobaki ni vya karatasi, na ndivyo vinavyoumiza. Bima kubwa huzunguka asilimia 3.5 ya thamani ya gari kabla ya VAT. Kampuni inayokata bima ndogo kwa gari la safari za mikoani inacheza bahati nasibu na mali yake. Mkataba useme nani analipa sehemu ya hasara ambayo bima haigusi, gari linalala wapi, mwenza wa mfanyakazi anaruhusiwa kuliendesha au la, na mafuta ya wikiendi ni ya nani. Kifaa cha kufuatilia gari husaidia, lakini hakizuii mafuta kunyonywa kwenye tangi gari likiwa limeegeshwa. Daftari la safari linalolinganishwa na risiti kila mwezi hukamata zaidi.

Mwisho wa miaka minne gari linauzwa, na mnunuzi wa kawaida ni yule yule aliyekuwa akiliendesha. Akiuziwa chini ya bei ya soko, tofauti hiyo nayo ni mapato yenye kodi, jambo ambalo idara za utumishi hulisahau. Kanuni ya bei iwekwe siku gari linapokabidhiwa: thamani ya kitabuni, au makadirio ya mthamini huru, chochote kile, mradi iwe kwa maandishi. Mtu anayejua kwamba gari litakuwa lake mwaka wa nne, na kwa bei gani, hubadili oili kwa wakati bila kukumbushwa.