Je, Wajua? Priampu na Sauti ya Siti

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alitoka Unguja kwenda Bombay kurekodi taarabu kwa Kiswahili kwa kampuni ya His Master's Voice. Santuri zile zilipigwa kwenye gramafoni za kutia ufunguo, bila umeme.

Anayezipiga leo kwa mashine ya umeme anahitaji priampu. Sindano hutoa milivolti 5 hivi tu. Priampu huzikuza kama mara 100 kabla ya kuzifikisha kwenye amplifaya. Hiyo ndiyo kazi yake nyepesi. Santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa, la sivyo mifereji ingetanuka mno na sindano ingeruka. Priampu ndiyo huirudisha. Kanuni ya kusawazisha sauti iitwayo RIAA, iliyoenea tangu 1954, hupunguza pia sauti za juu, kwa kuwa santuri mpya hukatwa zikiwa zimeongezwa. Za 1928 hazikuongezwa hivyo. Zipitishe kwenye priampu ya kawaida, na fidla itasikika kama iko nyuma ya pazia, hata sauti ya Siti ikakosa ukali wake. Kwangu mimi, priampu yenye swichi ya kanuni za zamani inaishinda ya bei kubwa isiyo nayo. Sindano nayo iwe ya santuri za mizunguko 78, pana karibu mara tatu kuliko ya santuri mpya.

Huko Mji Mkongwe wa Unguja, mtambo huu una adui mwingine: hewa ya chumvi. Plagi za shaba huota ukijani na spika zikaanza kukwaruza. Zima mtambo, chomoa, futa kwa spiriti.