Kuondoa Gundi Kavu Kwenye Cherehani Pasipo Kuharibu Rangi

Katika kituo cha biashara cha Base Camp, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, Uganda, cherehani ni mali inayolisha nyumba. Sheria ya Wakimbizi ya nchi hiyo ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, na ushonaji ni miongoni mwa kazi ambazo mtu huweza kuzianza upya hata akiwa amefika mikono mitupu. Ujuzi huja naye kichwani. Kinachobaki kutafutwa ni chombo.

Vyerehani vingi vya Afrika Mashariki, kama vile Singer vya zamani na Butterfly vya kutoka China, vimepakwa rangi nyeusi inayong'aa na kurembwa kwa maandishi ya rangi ya dhahabu. Rangi hiyo hukinga chuma kisipate kutu, na nguo ya mteja isichafuke kwa kutu hiyo. Tena, siku mwenye cherehani anapolazimika kukiuza, pengine huko mjini Mbarara, mnunuzi hutazama rangi kabla hajazungusha gurudumu. Basi rangi ikiharibika, thamani ya chombo hushuka.

Adui mmoja wa rangi hiyo ni gundi ya supagluu. Fundi huitumia kubandika vito vya plastiki kwenye magauni, au kuunga kiatu kilichoachia soli. Kichupa kikianguka, tone hudondokea kitandani mwa cherehani na kukauka hapo hapo. Kwa hamaki mtu hushika wembe, msasa au petroli. Gundi huondoka kweli, lakini huondoka pamoja na rangi.

TABIA YA GUNDI HII

Kemikali ya gundi hii iligunduliwa nchini Marekani mwaka 1942, na gundi yenyewe ikaanza kuuzwa mwaka 1958. Haikauki kama rangi inavyokauka kwa kupoteza maji. Unyevunyevu kidogo ulioko hewani na juu ya vitu ndio unaoigeuza kuwa plastiki ngumu. Ikiisha kukauka, hushika sana inapovutwa moja kwa moja kwenda juu, lakini ni rahisi kuvunjika, na hubanduka upesi zaidi inaposukumwa kutoka pembeni. Hapo ndipo penye siri ya kuiondoa.

Ikiwa tone bado ni bichi, lisipanguswe kwa pamba wala kitambaa cha pamba. Gundi hii ikikutana na pamba hutoa joto kali, pengine na moshi, na huweza kuunguza ngozi. Ni afadhali kuliacha likauke hadi kesho yake kuliko kulitandaza.

HATUA ZA KUFUATA

Kwanza, sindano na kibobini viondolewe, na matundu yote yafunikwe kwa kitambaa kikavu. Kisha fundi atazame tone limeangukia wapi: kwenye weusi mtupu, au juu ya maandishi ya dhahabu.

Likiwa kwenye weusi mtupu, kitambaa kilowekwe katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kikamuliwe, kiwekwe juu ya tone na kufunikwa kwa kipande cha nailoni. Baada ya nusu saa kibadilishwe, na kazi hii irudiwe mara kadhaa. Maji hulegeza gundi polepole. Yasiwe ya moto, maana vanishi ya zamani huweza kugeuka nyeupe.

Likiwa juu ya dhahabu, maji yasitumike. Yatumike mafuta ya cherehani, yaachwe usiku kucha yajipenyeze kwenye kingo za tone. Maandishi hayo ni utando mwembamba mno, na vanishi iliyoyafunika katika vyerehani vya zamani huweza kuyeyushwa na spiriti.

Baada ya hapo, itafutwe kadi ya plastiki iliyokwisha kazi, au kibanzi cha mwanzi kilichochongwa bapa. Kilazwe karibu na chuma na kusukumwa taratibu kutoka ukingoni mwa tone. Likigoma, lirudishiwe maji au mafuta, kisha lijaribiwe tena. Mara nyingi huachia vipande vipande.

ASETONI NI YA MWISHO

Asetoni, ambayo imo katika baadhi ya dawa za kuondolea rangi ya kucha, huyeyusha gundi hii. Lakini huyeyusha pia rangi na vanishi nyingi. Kabla ya kuitumia, tone moja lijaribiwe mahali pasipoonekana, kama vile chini ya kitanda cha cherehani. Kitambaa cheupe kikitoka na weusi, au mahali hapo pakinata, asetoni iachwe kabisa. Pakibaki salama, iguswe juu ya gundi tu kwa ncha ya kijiti kilichozungushiwa kitambaa, kwa sekunde chache, kisha ifutwe. Maandishi ya dhahabu yasiguswe nayo kamwe. Mlango uwe wazi na sigiri iwe mbali, kwa kuwa mvuke wake hushika moto upesi.

Ukibaki utando mwembamba juu ya weusi, unaweza kusuguliwa kidogo kidogo kwa dawa ya meno nyeupe na kitambaa laini. Ukibaki juu ya dhahabu, uachwe. Alama ndogo ya gundi haizuii cherehani kushona, lakini chuma kilichovuliwa rangi huanza kutu. Mahali palipokwisha kuchubuka pafutwe na kukaushwa, pakapakwe rangi nyeusi ya chuma kwa brashi ndogo, au walau papakwe mafuta mara kwa mara.

Vidole vikigandana, viloweshwe katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni bila kuvutwa kwa nguvu. Gundi ikiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji mengi safi na mgonjwa apelekwe kituo cha afya mara moja. Asetoni isikaribie jicho.

Kichupa cha gundi kiwekwe juu ya kisahani, mbali na cherehani na watoto. Na tone likiisha kudondoka, fundi asiogope kupoteza siku mbili akilishughulikia. Mvumilivu hula mbivu, na rangi iliyodumu miaka mingi haistahili kumalizwa kwa dakika moja ya wembe.