Kambi Kando ya Mto: Funzo la Makorongo ya Kwa Mrombo, Arusha

Msafiri aendaye kwa gari lenye malazi, yaani gari lililotengenezewa vitanda, jiko na tangi la maji ndani yake, huwa na mahitaji machache anapoingia mji asioujua: uwanja tambarare wa kuegesha, maji, kivuli, na utulivu wa kumwezesha kulala. Mahitaji hayo hayo ndiyo ya mwalimu anayewaongoza wanafunzi 40 katika ziara ya masomo, wakiwa na basi lao, mahema na sufuria. Wote wawili, wakiachiwa kuchagua wenyewe, aghalabu huteremka kando ya mto, kwa kuwa huko ndiko yote manne hupatikana pamoja.

Katika makala haya tutaeleza kwa nini uchaguzi huo wataka elimu. Swali la kwanza la mpiga kambi lisiwe, "Je, mahali hapa panapendeza?" bali, "Ni nani aliyepatengeneza?" Uwanja tambarare kando ya mto haukujitandaza wenyewe. Ulitandazwa na mto, tena wakati wa mafuriko, kwa mchanga na tope zilizoachwa na maji yalipopungua nguvu. Aliyeutandaza uwanja huo zamani aweza kurudi usiku wa leo.

Mlima na makorongo yake

Tuchukue mfano wa Kwa Mrombo, upande wa kusini wa jiji la Arusha. Zamani wageni wa Arusha waliyajua zaidi maeneo ya katikati ya mji na barabara ya kwenda Moshi. Leo jiji limetanuka, na upande huu wa kusini umejaa nyumba, maduka na barabara. Mgeni afikaye hapo wakati wa kiangazi huona makorongo makavu yenye mchanga safi na miti michache kingoni. Akitazama kaskazini huuona Mlima Meru. Ni vigumu kwake kuamini kwamba vitu hivyo viwili, korongo kavu lililo miguuni pake na kilele kilicho mbali, ni sehemu za mtambo mmoja.

Kilele cha Meru kina urefu wa mita 4,566 juu ya usawa wa bahari, na katikati ya jiji la Arusha ni mita 1,400 hivi. Umbali baina yao, ukipimwa kwa mstari ulionyooka katika ramani, ni kilomita zipatazo 15. Hivyo maji yanayoanzia juu huporomoka zaidi ya mita 3,000 katika safari fupi sana. Zaidi ya hayo, pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hukutana na mteremko wa kusini na kusini-mashariki wa mlima, hupanda, hupoa, na kumwaga mvua yake huko. Upande wa kaskazini hubaki mkavu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mvua ya Meru huanguka upande ule ule unaoelekea jijini.

Mito Themi, Naura na Goliondoi hupita katikati ya jiji ikielekea kusini. Maji yake huingia katika Mto Kikuletwa, hufika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha hufuata Mto Pangani hadi baharini. Pamoja na mito hiyo kuna makorongo mengi ambayo hayana maji ila mvua inyeshapo. Udongo wake umetokana na majivu na mawe ya volkano, kwani Meru ni volkano iliyolipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Majivu hayo ni laini, na maji huyakata kwa urahisi. Ndiyo sababu kingo za makorongo husimama wima kama kuta, na huanguka ghafula.

Hesabu ya mvua ya saa moja

Hebu tufanye hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuifuata. Tuseme korongo fulani hukusanya maji ya eneo la kilomita za mraba 10 mlimani, na mvua ya milimita 40 imenyesha huko kwa saa moja. Kilomita za mraba 10 ni mita za mraba 10,000,000. Tukizidisha kwa mita 0.04 tunapata mita za ujazo 400,000 za maji. Tukadirie kwamba robo tatu imenywewa na udongo na mimea, na robo tu imekimbilia korongoni: mita za ujazo 100,000. Zikipita kwa muda wa saa moja, yaani sekunde 3,600, ni wastani wa mita za ujazo 28 kila sekunde.

Sasa tuseme korongo lina upana wa mita 7, na maji yanakwenda kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde. Gawanya 28 kwa 7, kisha kwa 2: kina cha maji kitakuwa mita 2. Hicho ni kimo cha kumfunika mtu mzima, mahali ambapo mchana watoto walikuwa wakicheza mpira juu ya mchanga mkavu.

Fikiria pia muda. Maji yaendayo mita 2 kwa sekunde huchukua saa 1 na dakika 40 kusafiri kilomita 12. Mvua iliyonyesha mlimani saa 3 usiku yaweza kufika kambini karibu saa 5, watu wakiwa usingizini na nyota zikionekana juu ya mahema. Mpiga kambi anayechungulia mbingu iliyo juu yake peke yake amechungulia mahali pasipohusika.

Ukuaji wa mji huzidisha hatari hiyo. Paa la bati lenye mita za mraba 100 hupokea lita 4,000 katika mvua ile ile ya milimita 40, na karibu zote huteremka. Lami na ua wa saruji hufanya vivyo hivyo. Pale ambapo shamba lingenywa maji mengi, mtaa huyapeleka korongoni upesi. Kwa sababu hiyo, habari ya mzee kwamba maji hayajawahi kufika mahali fulani ni habari njema, lakini si dhamana. Korongo la leo hupokea maji mengi kuliko la ujana wake.

Mambo yaliyokwisha kutokea

Tarehe 7 Agosti 1996, katika kambi ya magari na mahema karibu na mji wa Biescas, Hispania, mvua kubwa ilinyesha milimani juu ya kijito kidogo. Watu 87 walifariki. Kambi ilikuwa imewekwa mahali ambapo kijito hicho hutoka bondeni na kutandaza mawe na mchanga wake. Palikuwa tambarare na pazuri kwa sababu kijito chenyewe kilikuwa kimepatengeneza.

Hapa Tanzania, tarehe 3 Desemba 2023, maji, tope na mawe kutoka Mlima Hanang, ambao nao ni volkano ya zamani, yaliteremka hadi mji wa Katesh, mkoani Manyara; watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Na tarehe 12 Aprili 2024, masika ikiwa imepamba moto, gari lililokuwa likiwapeleka watoto shuleni lilisombwa na maji katika mojawapo ya makorongo ya jiji la Arusha, na watoto kadhaa wakafariki.

Tukio hili la mwisho latulazimu kueleza jambo ambalo madereva wengi hawaliamini: kwamba gari zito laweza kuelea. Kwa kanuni ya Archimedes, chombo kilichozama katika maji husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyaondoa. Gari dogo lenye sakafu ya mita za mraba 7, likizama sentimita 20 tu juu ya sakafu yake, huondoa mita za ujazo 1.4 za maji, yaani kilo 1,400. Huo ni karibu uzito wote wa gari lenyewe. Magurudumu hayashiki tena chini, na maji yaendayo kasi hulisukuma pembeni. Tena kasi ikiongezeka mara 2, msukumo huongezeka mara 4. Gari lenye malazi ni zito zaidi, lakini pia ni pana na refu ubavuni, hivyo maji hupata mahali pakubwa pa kusukuma. Maji yakipita juu ya kivuko, dereva asubiri. Korongo lililojaa kwa haraka aghalabu hupungua baada ya saa chache.

Kuusoma mto kabla ya kushusha mizigo

Msafiri afike mapema, angalau saa 2 kabla ya jua kutua, apate kutembea ukingoni. Atafute alama za maji ya zamani: majani makavu, matambara na mifuko iliyonasa katika matawi; mistari ya tope katika vigogo; nyasi zilizolala zikielekea upande mmoja. Alama iliyo juu kuliko zote ndiyo imwonyeshe maji yaliwahi kufika wapi, naye alale juu zaidi ya hapo. Aangalie pia mawe. Jiwe kubwa la mviringo lililo katikati ya mchanga halikuletwa na kijito cha leo. Lilibingirishwa na mafuriko.

Katika kona ya mto, maji hukata ukingo wa nje na kuweka mchanga ukingo wa ndani. Wa nje huanguka na wa ndani hufurika, kwa hiyo kambi isiwekwe katika kona upande wowote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imetenga mita 60 kutoka ukingo wa mto, ambamo haziruhusiwi shughuli za kudumu wala zinazoweza kuharibu mazingira yake. Mpiga kambi afuate umbali huo, akikumbuka kwamba kinachomwokoa na mafuriko ni kimo zaidi ya umbali: mita 60 za uwanja tambarare zaweza kufunikwa zote.

Gari liegeshwe likielekea njia ya kutokea, na njia hiyo isivuke korongo lolote. Kila mtu aonyeshwe, kungali na mwanga, atakimbilia wapi kwa miguu. Usiku, maji yakibadilika kuwa ya tope, yakileta vijiti na majani, au ikisikika ngurumo isiyokoma kutoka juu, watu wapande mahali pa juu mara moja na kuacha vyombo.

Maji ya kunywa

Mito inayopita mjini huchukua taka za mji, na maji yake yaweza kuleta kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Kuchemsha huua vijidudu vya maradhi hayo. Lakini chini ya Meru kuna jambo la pili, nalo ni floridi, ambayo huyeyuka kutoka katika miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani limependekeza isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Vyanzo vingi vya maji kuzunguka Meru huzidi kiwango hicho.

Kuchemsha hakuondoi floridi, bali huizidisha. Chukua lita 2 za maji yenye miligramu 3 kwa lita. Jumla ni miligramu 6. Yakichemka hadi kubaki lita moja na nusu, floridi ni ile ile miligramu 6, na kila lita sasa ina miligramu 4. Mchujo wa mkaa wa mifupa huipunguza, na kituo cha utafiti kilichoko Ngurdoto kimeshughulikia njia hiyo. Mgeni wa siku 2 hatadhurika. Atakayedhurika ni mtoto wa hapo, ambaye hunywa maji hayo miaka yote meno na mifupa yake inapokua. Meno ya kahawia ndiyo dalili ya kwanza, na mifupa hudhoofika baadaye. Ni vyema basi mgeni ajaze tangi lake kwa maji ya bomba yaliyopimwa, na wanafunzi wa ziara waelezwe sababu.

Mpiga kambi naye ni mchafuzi. Maji ya sabuni na ya choo cha gari yasimwagwe korongoni, hata likiwa kavu, kwani mvua ya kwanza itayapeleka kwa wanaoteka Kikuletwa. Yapelekwe kwenye choo cha kambi au shimo lililo mbali na mto, mita 30 au zaidi kutoka kisima chochote.

Zoezi kwa shule

Mwalimu achague korongo au kijito kilicho salama, wakati wa kiangazi, naye awepo mwenyewe. Wanafunzi wapime upana wake na kina katika nafasi tano, wapate eneo la mkato. Palipo na maji, waachie chungwa lielee mita 10 na kuhesabu sekunde. Kasi hiyo izidishwe kwa 0.8, kwa kuwa maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu. Eneo likizidishwa kwa kasi hutoa kiasi cha maji kwa sekunde. Kisha watafute alama ya juu ya mafuriko na kupima eneo la mkato hadi hapo. Shuleni waweke kopo lenye kuta zilizonyooka na rula, waandike mvua ya kila siku. Baada ya masika mbili watakuwa na daftari ambalo mtaa mzima waweza kulitumia.

Daftari hilo laweza kumsaidia msafiri apitaye kwa usiku mmoja, lakini manufaa yake makubwa ni kwa wenyeji. Msafiri akiona hatari huwasha gari na kuondoka. Mkazi wa Kwa Mrombo aliyejenga kando ya korongo hawezi kuhamisha nyumba yake jioni hiyo. Yeye ahitaji kujua, kabla ya kununua kiwanja, kwamba uwanja ule ulionyooka vizuri na kuuzwa kwa bei nafuu ulisawazishwa na maji. Mwanafunzi aliyejifunza kuzitambua alama hizo aweza kumwambia mapema.