Linkin Park wamenivunjia mgomo

Mpenzi msomaji, leo naomba tuiweke pembeni bongo fleva, tuongee roki. Najua wengine mshaanza kukunja sura. Kaeni tu.

Mie ni mgonjwa wa Linkin Park tangu niko shule ya msingi. Aliyeniambukiza ni kaka yangu, aliyekuwa na CD ya Hybrid Theory, ile ya mwaka 2000, imechakaa mpaka inarukaruka. Kiingereza hatukukijua kiasi hicho, lakini sauti ya Chester Bennington, inayoanza kama mtu anakunong'oneza halafu ghafla inapasuka, haikuhitaji kamusi. Ulikuwa unajua tu kwamba huyu jamaa ana lake moyoni.

Chester alijiua Julai 20, 2017, miezi miwili baada ya albamu yao ya One More Light kutoka. Kaka alishinda kimya siku nzima. Mama akauliza nani kafa, tukashindwa tuanzie wapi kumweleza.

Kwa hiyo kundi lilipotangaza Septemba 2024 kwamba linarudi na mwimbaji wa kike, Emily Armstrong wa kundi la Dead Sara, nikagoma. Albamu yenyewe, From Zero, ikatoka Novemba 15 mwaka huo huo. Mie kimya. Nilijisikia kama nimeona mjane anaolewa kabla ya arobaini, ingawa ilishapita miaka saba!

Sasa juzi umeme ukakatika kwetu. Simu ina chaji, bando lipo, usingizi hakuna. Nikasema potelea mbali, nikavaa hedfoni.

Jamani, wale watu ni wajanja. Kwenye The Emptiness Machine anaanza Mike Shinoda peke yake, sauti ile ile tuliyoizoea, kama mwenyeji anayekupokea mlangoni. Emily anaingia baadaye, ukiwa umeshakaa. Alipoingia, nywele zilinisimama. Hamwigi Chester hata kidogo, ana mikwaruzo yake mwenyewe kooni. Na hilo ndilo nililokuwa naliogopa kuliko yote, kuletewa Chester wa bandia.

Ukifika Heavy Is the Crown kaa mbali na watu. Kuna mahali dada anapiga ukelele mmoja mrefu, kama sekunde 15 hivi, mpaka nikajikuta mie ndiye naishiwa pumzi. Nikajaribu kumfuatisha, jirani akagonga ukuta.

Two Faced nimeirudia mara nne. DJ Joe Hahn anakwangua sahani kama enzi zile, na ungeniambia ni kibao kilichosahaulika kabatini tangu 2000 ningekubali. Hata jina la albamu lina fumbo la zamani, maana kabla hawajaitwa Linkin Park waliitwa Xero.

Yapo yaliyonikera. Nyimbo 11, na wa kwanza ni utangulizi tu wa sekunde chache. Zote pamoja ni kama dakika 32. Ukipanda gari Mbezi, kwa foleni ile, albamu inaisha hujaiona Ubungo. Stained nayo imepita bila kunigusa. Na mpiga dramu wa zamani, Rob Bourdon, hayumo, kiti chake kakalia Colin Brittain. Anakung'uta vizuri, sikatai, ila mie ni mtu wa mazoea.

Usiku ule ule nikamrushia kaka kibao cha Over Each Other, ambacho Emily anakiimba karibu chote peke yake. Asubuhi akanijibu kwa ukali nisimtumie tena upuuzi huo.

Jioni akapiga simu. Akazungukazunguka weee, mara habari za mama, mara bei ya gesi. Mwisho akauliza, "Hivi huyo dada ulisema alikuwa kundi gani vile?"