Mwanga usioonekana ulivyofichua madini ya Bennu

Kabla hata punje moja ya asteroidi Bennu haijafika duniani, wanasayansi walikwisha kusema imeundwa na nini: udongo wenye maji ndani ya madini yake, pamoja na kaboneti. Jiwe hawakuwa nalo mkononi. Walichokuwa nacho ni mwanga wa jua uliopiga mawe ya Bennu, ukaakisiwa, ukanaswa na kifaa kilichobebwa na chombo OSIRIS-REx cha Shirika la Anga la Marekani, NASA.

Sehemu kubwa ya mwanga huo haionekani kwa macho. Mwaka 1800, mwanaastronomia William Herschel, akiwa Uingereza, aliupitisha mwanga wa jua kwenye prizimu na kupima joto la kila rangi. Kipimajoto alichokiweka nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu, kilipanda zaidi ya vingine. Mionzi hiyo leo huitwa infraredi. Ile iliyo jirani na rangi nyekundu, yaani infraredi ya karibu, ina mawimbi yenye urefu wa kati ya mikromita 0.8 na 2.5 hivi, na vifaa vya angani hupima hata kupita hapo. Mikromita moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita.

Jua linapoangaza jiwe, baadhi ya mawimbi humezwa na mengine hurudishwa. Kinachomezwa hutegemea madini. Olivini na pairoksini humeza mawimbi ya karibu na mikromita 1, kwa sababu elektroni za chuma kilichomo huchukua nishati ya kiwango hicho. Pairoksini humeza tena karibu na mikromita 2, na hapo ndipo hujitenga na olivini. Udongo wenye maji una njia yake: kifungo kati ya oksijeni na hidrojeni hutetemeka kama waya wa gitaa uliokazwa, kikimeza mwanga wa karibu na mikromita 2.7.

Kwenye grafu, kila wimbi lililomezwa huacha bonde. Mtaalamu hutazama bonde liko wapi, lina kina na upana gani, kisha hulilinganisha na vipimo vya madini yaliyochunguzwa maabara.

Mwaka 1970, Thomas McCord na wenzake waliutumia ujuzi huu kwa asteroidi Vesta, wakiwa na darubini iliyoko hapa duniani. Bonde walilolikuta lilifanana na la vimondo vya basalti, mawe yatokanayo na lava iliyoganda. Chombo Dawn kilipoizunguka Vesta kuanzia mwaka 2011, kiliukuta ushahidi huohuo kwa karibu. Kwenye Mirihi, kreta ya Jezero ilichaguliwa kuwa kituo cha gari Perseverance, lililotua mwaka 2021, kwa sababu pia mionzi hii ilikuwa imeonyesha udongo na kaboneti mahali hapo.

Bennu, yenye upana wa takriban mita 500, ndiyo iliyotoa mtihani wa wazi kabisa. OSIRIS-REx ilipofika Desemba 2018, alama ya maji katika madini ilionekana karibu kila ilikopima. Baadaye, kwenye baadhi ya mawe, watafiti walikuta mishipa myeupe ya kaboneti yenye upana wa sentimita kadhaa na urefu unaozidi mita moja.

Septemba 24, 2023, sampuli zilizochukuliwa na chombo hicho zilitua katika jangwa la Utah. Huko Houston, zilikopelekwa, skrubu mbili kati ya 35 za kifuniko cha kasha la sampuli ziligoma kufunguka, na wataalamu wakalazimika kutengeneza zana mpya. Walipofanikiwa Januari 2024 na kupima kila kitu, walikuwa na gramu 121.6. Udongo ulikuwemo, na kaboneti pia.

Lakini maabara ilikuta zaidi: chumvi zilizobaki baada ya maji kukauka, na asidi za amino 14 kati ya 20 zinazotumiwa na viumbe hai kujenga protini. Mwanga husoma ngozi ya jiwe tu, na kilicho kichache hupotea ndani ya kilicho kingi. Tena, upepo wa jua na vumbi liendalo kasi hubadilisha ngozi hiyo mpaka mabonde yakafifia.

Chuma tupu ni kikwazo kingine. Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, ni chuma kilichochanganyika na nikeli, na metali ya aina hiyo haiachi mabonde ya kusomeka katika infraredi ya karibu. Ndiyo maana chombo Psyche, kilichorushwa Oktoba 2023 kuelekea asteroidi inayodhaniwa kuwa na metali nyingi, kimebeba pia vipima-usumaku na kifaa cha kupima miale ya gama na nyutroni. Kinatarajiwa kufika mwaka 2029.